Lenzi ya Kuvuta

Siwaamini watu wanaofurahia magazeti ya zamani. Leo asubuhi maktabani kulikuwa na mmoja, mtu wa makamo mwenye kofia, amekaa meza ya jirani, na kila nikifunua ukurasa anakohoa na kunyoosha shingo. Nikalifunika gazeti kwa mkoba. Kesho tunaingia kwenye kikao cha manispaa kuitetea nyumba ya mama. Wanadai baraza yake imejengwa juzijuzi kwenye hifadhi ya barabara, kwa hiyo ibomolewe pamoja na chumba anacholala. Ukiwa na jambo kama hilo kichwani, kila anayekohoa ni mpelelezi.

"Samahani, dada," akaninong'oneza mwishowe. "Ukimaliza na jalada hilo, naliomba."

"La kazi gani?"

"Matokeo ya mpira. Shemeji yangu hataki kukubali tuliwafunga."

Sikumwamini hata kidogo. Nikamtolea macho mpaka akahamia dirishani. Mkutubi naye nilimshuku, maana aliniletea majalada shingo upande, na lile nililolitaka hasa likaja la mwisho. Lakini picha ilikuwemo, haijakatwa: mtaa wetu kama alivyoupiga marehemu baba alipokuwa mpiga picha wa gazeti, kabla barabara haijapanuliwa. Baraza yetu ile pale. Machozi yakanilenga, nikayafuta upesi mwenye kofia asiyaone, kisha nikaupiga picha ukurasa mzima kwa simu, tarehe yake ikiwemo.

Ikabaki picha ya sasa, ya kuonyesha kwamba baraza haijasogea na kwamba mbele yake bado pana njia ya watu kupita. Baba alitufundisha mimi na mdogo wangu wa kiume: ukitaka kulinganisha picha mbili, simama aliposimama mwenzako, na lenzi iwe ya aina ileile. Mimi niliacha nikawa karani. Mdogo wangu ndiye aliyerithi kazi, na mama humwita "fundi" hata anapomtuma chumvi.

Nilimkuta mtaani ameshaanza, lakini hakuwa mbele ya duka la viatu, pale aliposimama baba. Alikuwa mbali kule kwenye kona, ameinama nyuma ya lenzi ndefu.

"Mbona huku?"

"Mwanga, dada. Pale dukani jua linanipiga machoni."

Nikaenda kusimama mbele ya duka la viatu, nikaitazama baraza. Jua likanichoma kisogoni. Nikarudi.

"Hebu nione ulizopiga."

Akanionyesha kwa kusitasita. Lenzi ya kuvuta hubana umbali. Vitu vilivyoachana huonekana vimegusana. Kwenye kioo cha kamera ile, baraza ya mama ilikuwa imeilalia barabara, na magari yanayopita yanakaribia kuikwaruza. Manispaa wasingehitaji shahidi mwingine. Asubuhi nzima nimehangaika na mtu wa kofia, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Wamekuahidi nini?"

Akaanza kupangusa lenzi isiyo na vumbi. "Chumba cha studio," akasema. "Kwenye jengo watakalojenga. Chini, kinatazama barabara. Na mama nitamchukua kwangu, dada. Nyumba yenyewe si imeshachoka?"

"Umemuuliza?"

Akaendelea kupangusa.

Nikampokonya kamera, nikachomoa lenzi fupi, kama ya baba, kwenye begi lake, nikaifunga. Nilipofika mbele ya duka la viatu, yeye akinifuata nyuma, mama alikuwa ameshatoka barazani, kavaa nguo yake ya kutokea.

"Wewe tena?" akapaza sauti. "Mwachie fundi wangu! Wewe utanikata kichwa."

"Leo napiga mimi, mama."

"Kwa nini? Mwanangu amekosa nini?"

Nikamgeukia mdogo wangu, nikampa nafasi aseme mwenyewe. Alikuwa anatazama viatu dirishani. Nikabonyeza.

Picha imetoka safi. Baraza inaonekana, njia ya watu inaonekana, barabara iko mahali pake. Mama yuko katikati, kidole juu, amekunja uso, na anayekasirikiwa ni mimi. Ndiyo tutakayoipeleka kesho. Sasa hivi yuko ndani, anampigia fundi wake pasi shati la kikaoni.