Dada wa Kazi Naye Apumzike

“Kula nimesimama si kupumzika, mama,” alisema dada wetu wa kazi, mkono mmoja kwenye pasi, mwingine kwenye sahani ya wali.

“Hapa si kiwandani. Pumzika kazi ikiisha.”

“Kazi ya nyumba huisha lini?”

Nikakimbilia sheria. Nina stashahada, kujificha nyuma ya vifungu nakujua. Nikamwambia sheria yetu inataja viwanda na ofisi, majumba haikuyataja.

“Mdogo wangu yuko nchi jirani, kazi hii hii. Kule sheria inamtaja. Mchana anapumzika saa nzima na mshahara haukatwi. Mwezi ukiisha namfuata.”

Wanangu wakiota ndoto mbaya hawaniiti mimi, wanamwita yeye.

“Kwa hiyo mimi ni mtu mbaya?”

“Sijui, mama. Fulana yako hii, imenyooka.”

Ndiyo niliyokuwa naisubiri niende mkutanoni, maana kiwandani mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi. Kifuani imeandikwa: MAPUMZIKO YENYE MALIPO NI HAKI YA KILA MFANYAKAZI. Nyani haoni kundule, hata akiandikiwa kwa herufi kubwa na kupigiwa pasi.

Nikachomoa pasi, nikamvutia kiti.

“Kaa. Saa nzima, kila siku, mshahara ule ule.”

“Na vyombo?”

Nikavua viatu vya mkutano, nikashika sufuria.

“Hilo la uji liloweke kwanza, mama,” akanielekeza, ameshakaa.