Chini ya Darasa la Mwalimu Tsui

Jumamosi asubuhi Lai-ping alikuwa akifunga nyama ya kusaga kwenye vipande vya unga uliokandwa, na juu ya dari wanafunzi wa mumewe walisogeza miguu polepole, wote pamoja, kama watu wanaovuka mto. Walikuwa Wazungu wa New York, wenye nafasi zao. Mwalimu Tsui aliwafundisha kupigana bila haraka, kisha akawatibu kwa viganja. Aliuvuta ugonjwa mwilini, akaukung'uta chini ili ardhi iumeze. Ndivyo alivyofundishwa katika hekalu la Kitao, dini ya kale ya Kichina, kule mlimani kwao, ila kule sakafu ilikuwa udongo.

Hapa chini ya sakafu palikuwa na kitanda cha Wai-yee, binti yao wa miaka saba. Mzazi ukipanga nyumba, uliza kwanza juu kuna nini.

Maumivu ya mgongo ya mwanafunzi mmoja, mwanasheria, yalimfikia mtoto kabla ya chakula cha mchana. Kikafuata kikohozi cha mvuta sigara, halafu goti la mjane aitwaye Bi Harriet. Shuleni wenzake wakaanza kumwita bibi.

"Baba Yee, hamisha hilo darasa," Lai-ping alisema. "Mtoto ana goti la mtu mzima."

"La Bi Harriet hilo, nalijua." Akalipapasa. "Nikilitoa nitalikung'utia wapi? Litarudi hapahapa."

"Basi acha kutibu."

"Niache? Jana tu walikuwa wanatuona wafua nguo zao, Mama Yee. Leo wananiinamia."

Lai-ping akakihamishia kitanda jikoni. Magonjwa yakashuka, yakakuta pale patupu, yakamfuata mtoto jikoni, maana yalishamzoea.

Siku moja Bi Harriet alimkuta Wai-yee ngazini akichechemea, vilevile alivyokuwa akichechemea yeye kabla ya kutibiwa.

"Wewe nawe! Baba fundi hivi, hujamwambia akutazame?" akamwambia, akapanda ngazi mbilimbili.

Sifa zikaenea, foleni ikafika barabarani. Lai-ping alipotoka kumwaga taka alimkuta mama kijana, amebeba kichanga kifuani.

"Anaumwa nini?"

"Kifua, dada. Hatulali."

Lai-ping akawaambia walio mbele wasogee, akamshika mkono yule mama mpaka juu. Kisha akashuka, akamvalisha Wai-yee sweta, akafunga vifungo vyote vya kifuani.