Kwa Nini Mwalimu Nestory Hakununua Nyumba Mpui

Mwaka ule serikali ilipopunguza wafanyakazi, Mwalimu Nestory alikuwa mmoja wa waliopewa barua. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na nyumba ya serikali aliyokaa pale Sumbawanga kwa miaka kumi na minane alitakiwa kuihama ndani ya miezi mitatu. Mkewe, Scola, au Mama Bertila kama mwenyewe alivyozoea kumwita, hakulia. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akasema, "Basi sasa tutafute kwetu."

Mjini hawakuweza. Wafanyabiashara walikuwa wamevamia kila kiwanja. Wakabaki na miji miwili midogo iliyo kwenye barabara ya Tunduma: Mpui, na mbele yake Laela.

Laela ndiyo iliyokuwa imechangamka. Tangu biashara ya nafaka iachiwe watu binafsi, malori ya mahindi yalikuwa yakilala pale kama ng'ombe zizini, na kila mwenye chumba cha barabarani alikuwa amekigeuza duka. Mpui ilikuwa na utulivu wake. Maharage na ulezi vilifika mpaka mlangoni mwa mtu, na ukikutana na mtu njiani lazima mmalize salamu zote, za wazima na za wagonjwa, ndipo muachane.

Scola alitaka Mpui. Wenzake wa kanisani walimwambia kuna mjane aitwaye Kristiana anauza nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati zima, na uwanja wa kutosha nguruwe na bustani. Nestory alitaka Laela.

"Maji ya Mpui mabaya," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Nilifundisha pale, Mama Bertila. Miaka mitano niliyanywa."

"Na tumbo likakuuma?"

Siku nyingine akasema Mpui kuna wezi wa mifugo. Siku ya tatu akashusha sauti na kusema watu wa kule wana mambo yao ya giza. Scola aliacha kupepeta ulezi akamtazama. "Wewe, mwalimu, unasema hivyo? Miaka mitano hawakukuroga, waje wakuroge leo umeota mvi?"

 Nestory aliona uso unawaka moto, maana mbele ya wanafunzi wake alikuwa akiyakemea maneno kama hayo.

Walikwenda Laela kwanza. Nyumba ilikuwa ya Andwele, mfanyabiashara wa Mbeya aliyekuwa anarudi kwao Tukuyu. Ilikuwa ya saruji, nzuri, mita thelathini kutoka barabarani. Walipokuwa ndani lori lilipita, vikombe vikatetemeka mezani. Andwele akacheka: "Mtazoea, mama. Mimi sasa kukiwa kimya silali." Scola alimshukuru, akagusa kuta, akatazama choo. Walipotoka akasema, "Nzuri. Wakati wa kurudi tunashuka Mpui tuione na ile."

 Ndani ya basi Nestory alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. Ulikuwa mwezi wa sita, upepo wa Ufipa unakata masikio, kwa hiyo hakuna aliyemshangaa.

Nyumba ya Kristiana ilikuwa hivyo hivyo kama ilivyosimuliwa. Bibi yule aliwapitisha chumba kwa chumba. Scola alikuwa tayari ameanza kunong'ona kitanda kitakaa wapi. Walipotoka uani, upande wa pili wa ua wa mabua palikuwa na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anaanika mahindi kwenye turubai. Aliinua kichwa. Akaweka ungo chini, akapita kwenye upenyo wa ua karibu anakimbia, akapiga goti.

"Shikamoo mwalimu! Jamani, mwalimu!"

"Marahaba," alisema Nestory. 

"Hunikumbuki. Utatukumbuka wangapi? Mimi ni Debora, mwalimu. Debora Oswaldi. Darasa la saba mwaka sabini na nne, ulikuwa ukiniita wa kwanza kwenye mahudhurio." Akamgeukia Scola, akamshika mikono yote miwili. "Shikamoo mama. Huyu ndiye aliyenifundisha. Mtihani ulinishinda, hilo kosa langu, lakini kusoma sikusahau. Hapa kijijini kila barua inayokuja naisoma mimi. Na Zita, mwalimu? Zita wetu aliyefaulu, hajambo?"

 Scola ndiye aliyejibu, polepole, kama mtu anayepapasa njia gizani. "Zita hajambo. Ni muuguzi. Yuko Mbeya."

"Mungu mkubwa! Alikuwa na akili, mwenzetu yule." Debora akakimbia nyumbani kwake, akarudi na kikapu cha maharage. "Chukueni. Na mnunue hapa. Nikimpata mwalimu wangu jirani nitaringa."

Scola alipokea kikapu. Hakumtazama mumewe. Aliolewa naye mwaka sabini na sita, mwalimu akiwa ameshahamia Sumbawanga, na Zita, mtoto wa kaka yake Nestory, alikuwa akija kwao likizo na sare za sekondari. Kwenye madaftari ya Zita palikuwa pameandikwa Debora Oswaldi. Scola alipouliza, aliambiwa Debora ni jina la ubatizo, na Oswaldi ni jina la babu, karani ndiye aliyelichukua. Vyeti vyote vya Zita vilikuwa na jina hilo. Hata mshahara wake ulitoka kwa jina hilo.

Kituoni walikaa juu ya jiwe wakisubiri gari, kikapu katikati yao.

"Niambie wewe," alisema Scola. "Usiniache nifikirie mwenyewe, nitafikiria mabaya zaidi."

Akamwambia. Mwaka ule shule yake ilipata nafasi moja tu ya msichana. Barua ilikuja kwake, yeye ndiye mwalimu mkuu, na jina lilikuwa la Debora. Zita, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa ameanguka mtihani. Kaka yake alikuwa mgonjwa, kila juma anatuma salamu: mwanangu asirudi kijijini, mwanangu asirudi kijijini. Nestory alikaa na barua ile siku mbili. Siku ya tatu alisimama mbele ya shule akatangaza kuwa aliyechaguliwa ni Zita. Kisha akamfundisha Zita kuitikia jina jingine.

"Na Zita alikubali?"

"Nilimwambia baba yake Debora amekataa kumpeleka, anataka kumwoza. Nikamwambia nafasi itapotea bure."

Scola alikitazama kikapu. "Yule mwanamke amekupigia goti," alisema. "Amenipa maharage."

Walirudi Sumbawanga. Siku ya tatu, akimtilia chai, alisema, "Laela siendi kukusaidia kujificha. Na Mpui siwezi kuitika shikamoo yake kila asubuhi na hili liko tumboni mwangu. Nenda kamwambie. Kisha tutajua tunakaa wapi."

Alikwenda Jumamosi, peke yake. Njia nzima alitunga maneno, na alipofika hakuna hata moja lililobaki. Debora alikuwa anapukuchua mahindi. Alifurahi kumwona, akafuta kigoda kwa khanga, akataka kuwasha moto wa chai.

"Usiwashe," alisema Nestory. "Kaa, Debora. Nimekuja na neno."

Alilisema lote bila kumtazama, macho kwenye magunzi yaliyorundikana. Hakutaja ugonjwa wa kaka yake. Alikuwa amekusudia kuutaja, lakini ulipofika mdomoni aliona haya.  Alipomaliza, kuku walikuja wakadonoa punje zilizomwagika na Debora hakuwafukuza.

"Kwa hiyo nilifaulu," alisema.

"Ulifaulu."

"Nilifaulu?" Safari hii aliuliza kama mtoto anayetaka kuambiwa tena.

"Wa kwanza shuleni. Wa wavulana na wasichana."

Debora aliweka gunzi chini. "Baba alikuwa ameninunulia sanduku la bati kabla ya majibu. Alikwenda Sumbawanga kwa miguu kulinunua, akalirudisha kichwani, akampita kila mtu njiani akimwambia ni la nini. Majibu yalipotoka watu walimcheka mpaka akaacha kwenda kilabuni. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, 'Nilidhani.' Amekufa mwaka juzi, mwalimu. Amekufa anajua nilifeli."

Nestory alishuka kwenye kigoda akapiga magoti kwenye makapi. Mzee wa miaka hamsini na mbili, suruali ya kazini, mbele ya mwanafunzi wake.

"Inuka," alisema Debora kwa ukali. "Watu wanapita. Unataka waone nini, niulizwe mimi?"

Akainuka. Hata kutubu alikuwa ametubu kwa kumtwisha mwingine mzigo.

"Huyo mwenye jina langu. Ni muuguzi mzuri?"

"Wanasema ni mzuri. Wagonjwa wanamwulizia."

Debora alitikisa kichwa mara kadhaa. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na daftari la mwanawe na kalamu. "Andika. Andika kwa mwandiko wako ule wa ubaoni, kwamba mimi Debora, binti wa Oswaldi, mwaka sabini na nne nilifaulu. Andika ulifanya nini. Weka saini. Mama yangu hajui kusoma, lakini nitamsomea leo. Na wanangu watajisomea."

Aliandika. Mstari ulipanda na kushuka. Debora aliusoma ukurasa wote, akamrudishia. "Hapa umeandika 'ilitokea'. Haikutokea. Wewe ulifanya."

Nestory alikata neno, akaandika tena.

"Sasa kuhusu nyumba ya mama Kristiana," Debora alisema akichana ukurasa taratibu usipasuke. "Usiinunue. Kanunue Laela. Sikuombei mabaya, lakini sitaki kukuona ukichota maji asubuhi. Mkeo aje wakati wowote. Wewe usije."

"Nimesikia."

"Na shikamoo niliyokupa juzi," alisema, kisha akaacha, akarudi kwenye mahindi yake.

Hivyo ndivyo walivyonunua nyumba ya Andwele. Watu wa Laela walimpongeza Nestory kwa kuona mbali: amechagua mji unaokua, barabarani kabisa, mstaafu mwenye akili. Alipewa heshima zote za mwalimu, wakamchagua karani wa kikao cha mtaa, na kila aliposifiwa aliinamisha kichwa, watu wakasema mzee ana unyenyekevu. Alikuwa amepata kile kile alichokuwa akikitaka tangu mwanzo, na hakikuwa na ladha.

Scola alishuka Mpui mara moja au mbili kwa mwezi. Hakusema alichozungumza na Debora. Alirudi na mboga, au na jembe lililonolewa. Usiku mmoja tu alisema, "Mama yake anasimulia mtaa mzima. Nyumba kwa nyumba, na fimbo yake: mwanangu alifaulu." Nestory aligeukia ukutani.

Mwezi wa kumi Debora alimwandikia barua Zita. Zita aliomba likizo, akapanda basi kutoka Mbeya. Lilipita Laela alasiri na hakushuka. Alikwenda Mpui, akakaa kwa Debora siku mbili. Scola alikuwepo, na ndiye aliyemtumia mumewe habari kwamba Zita atarudi Jumatatu, basi litasimama Laela abiria wanunue chakula.

Nestory alifika kituoni mapema kuliko wauza mahindi ya kuchoma. Basi lilipokuja alimwona Zita dirishani, upande wa kivuli, kitambaa kichwani. Akasogea akasimama chini yake. Zita alifungua kioo.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Hushuki?"

"Sishuki." Macho yake yalikuwa yamevimba. "Uliniambia baba yake alimkatalia."

"Nilikuambia."

"Miaka ishirini nimemchukia yule mzee. Nikipata mgonjwa mwenye jina la Oswaldi, namhudumia huku moyo umekunja uso. Jana nimepelekwa kaburini kwake. Nimekosa hata la kusema."

"Zita."

"Debora anasema nibaki na jina. Anasema nikilivua sasa litakuwa halina faida kwa yeyote, mimi wala yeye. Lakini amesema binti yake wa kwanza akimaliza la saba, akifaulu asifaulu, nimchukue Mbeya nimsomeshe. Nimekubali. Ningekubali hata angetaka wote watatu."

Kondakta alipiga ubavu wa basi. Nestory alinyoosha mkono kuelekea dirishani. Zita aliutazama, akaushika kwa vidole viwili, akauachia. Alikuwa analia, na alifunga kioo yeye mwenyewe.

Basi lilipoondoka lilimwachia vumbi usoni. Muuza mahindi mmoja akamwambia, "Mwalimu, mgeni wako mbona hakushuka?"

"Ana haki," alisema Nestory.

Muuza mahindi hakuelewa, lakini hakuuliza tena. Nestory alikaa kwenye benchi la kituo kumsubiri Scola, aliyekuwa anakuja kwa gari la nyuma.