Lita Moja, Kilomita Ngapi

Kila Elikana alipojaza mafuta mpaka shingoni, alifika nyumbani Ujiji akimwita mama yake, Rozalia, hata kabla hajateremka.

“Kitendawili!”

“Tega!”

“Lita ishirini, kilomita mia nne na arobaini.”

Rozalia alilamba ncha ya penseli, akagawa kwenye daftari kama alivyofundishwa darasa la nne.

“Ishirini na mbili kwa lita! Gari la baba yako mdogo linakunywa kama limefiwa, hili lako linalamba tu.”

Lilikuwa haibridi, lina injini ya petroli na betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Lilinunuliwa kwa kuuza shamba la michikichi aliloliacha marehemu Yona, baba yake Elikana, na Rozalia mwenyewe ndiye aliyetia sahihi. Likifa gari, hakuna pa kurudi.

Kila asubuhi Elikana aliwapakia akina mama wa dagaa Kibirizi, akawapeleka sokoni Mwanga, wao na viroba vyao kiti cha nyuma. Akirudi, Rozalia alifuta gari kama anayemwogesha mjukuu. Siku moja akaona ubavuni mwa kiti tundu lenye vyuma vidogo, linavuta vumbi na vichwa vya dagaa. Yebaba wee, si litanuka uvundo ndani kwa ndani? Akachana kitenge chake cha njano chenye kuku, akakunja nusu moja, akaziba vizuri, akaridhika. Hakumwambia mtu. Nani hutangaza kwamba amefunika mtungi?

Mwezi uliofuata ikawa kumi na tisa. Kisha kumi na nne.

Elikana akalaumu sheli, akahamia nyingine. Akajaza upepo matairi. Akazima kiyoyozi, akaendesha polepole hadi vijana wa bodaboda wakampigia kelele, “Mzee, shuka usukume!” Lita ishirini zikaenda kilomita mia mbili na ishirini. Penseli ya Rozalia ilisimama. Angeweza kuandika ishirini, mwanawe alale. Akaandika kumi na moja.

“Basi mimi ndiye sijui kuendesha,” Elikana alisema, na tangu siku hiyo hakutega tena kwa sauti ya kucheka.

Taa nyekundu ilipowaka, walikwenda wote wawili kwa fundi Hamdani, Mwanga.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, baba. Tutibie mgonjwa.”

Hamdani aling’oa kiti, akaingiza vidole ubavuni.

“Betri hii ina pua. Inavuta hewa hapa ipate kupoa. Sasa… nani kaiziba?”

Akavuta kitambaa cha njano, kimekakamaa kwa vumbi, kuku wake bado wanaonekana. Elikana akakitazama. Kisha akatazama kichwa cha mama yake, ambako nusu ya pili ilikuwa imefungwa kilemba.

“Abiria,” akasema. “Wale wa dagaa wana mambo.”

“Basi wameipika. Imekufa. Kigoma huipati, na ya Dar bei yake karibu nusu ya gari.”

Gari likabaki pale kwa Hamdani. Wakarudi na bajaji, kila mtu akitazama upande wake.

“Mwanangu,” Rozalia alisema walipofika uani, “nilidhani nazuia harufu.”

“Najua, Mama.”

Angemgombeza ingekuwa nafuu. Rozalia alikaa na daftari mapajani, akajaribu, “Kitendawili.” Mtoto huyu aliitika tega kabla hajajua kutembea vizuri. Sasa alikuwa akifungua viatu, na akaendelea kufungua viatu.

Asubuhi alitoka na kandambili na suruali kuukuu.

“Unakwenda wapi?”

“Kibirizi. Wanatafuta wa kupandisha viroba kutoka ziwani.” Akasita mlangoni. “Mama, una kitambaa? Nipate ngata ya kichwani.”

Rozalia alitafuta ndani, akageuza hiki na kile. Kisha akafungua kilemba chake cha njano, akakizungusha mpaka kikawa duara, akampa.