Maziwa ya Mpiga Rangi

Fundi Rangi alikuwa amelazwa ubavu, kamera ya kuingizwa kooni iko tayari, na nesi ameshika sindano ya usingizi. Mkewe aliachwa nje kwenye benchi. Miaka nenda miaka rudi kifua kilimwaka moto kila alipoinama kupiga magari rangi, na wiki hii tonge lilimkwama hadi macho yakamtoka pima. Kaka yake mkubwa alianza hivyohivyo, na sasa yuko kaburini.

"Mzee, hujala kitu tangu jana?" nesi akauliza.

"Sijatia kitu mdomoni, dada."

Naye aliamini anasema kweli. Jamani, mpiga rangi gani anayehesabu maziwa kuwa chakula? Pale gereji unapiga rangi, unakunywa maziwa, mvuke wa rangi unakatika kifuani. Ni dawa tu. Asubuhi hiyo alipitia kumalizia mlango wa gari la watu, akagida pakiti nzima, akaja hospitali akijiona ana njaa halali.

Sindano ikasogea. Hapo kiungulia kikapanda, kikali, kimebeba ladha ya maziwa. Akisema, atarudishwa nyumbani na hofu yake. Asiposema je?

"Dada, ngoja! Maziwa nayo yanahesabika?"

Nesi akarudisha mkono upesi. Daktari aliyesimama kando ya kamera akamjia juu. "Unataka kutufia hapa? Ukisinzia yanapanda, yanakuingia mapafuni!"

Alipopoa akamweleza. Mlango wa juu wa tumbo umelegea, asidi inapanda na kuunguza koo, na kuinama kunaisukuma zaidi. Maziwa yanatuliza kidogo, kisha tumbo linamwaga asidi nyingine. "Nafuu hiyo ndiyo inayowadanganya. Mtu anatulia, haji kupimwa, huku koo linaharibika. Rudi kesho, na usinywe kitu."

Akarudi kesho yake, njaa inamuuma, hofu inamuuma zaidi. Alipozinduka, mkewe alikuwa amemshika mkono.

"Vidonda vipo, na koo limeanza kuwa jembamba," daktari akasema. "Uvimbe hakuna. Umewahi. Dawa zipo."

Mkewe akamshukuru Mungu kwa sauti. Fundi Rangi akageukia ukutani, akaangua kilio.

"Unalia nini tena, baba watoto? Si tumepona?"

"Kaka ndiye aliyenifundisha maziwa," akasema. "Alikuwa akinywa, anatulia, na sisi tunashangilia kwamba amepona."