Sanduku Lililoogopa Maji

Siku Mayala alipofariki hospitalini Kolandoto, Pantaleo alizima karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu pale nje ya Ushirombo, na vumbi la mawe ambayo Mayala aliyasaga kwa miaka kumi na mmoja likatulia juu ya migomba.

Mayala alizoea kumwambia mkewe Zipora, mama yake Aneth, kwamba vumbi linaloua halionekani, ila pale mwanga wa jua unapopenya tundu la msumari kwenye bati. Hapo alilinyooshea kidole na kusema wageni wamefika.

Baada ya matanga, Zipora aliyapeleka maneno hayo Shinyanga kwa Nitin, fundi redio, rafiki wa marehemu. Je, mwanga ule hauwezi kutiwa kwenye sanduku? Nitin alicheka, kisha akaacha kucheka. Alipaka kisanduku rangi nyeusi ndani, akakitia feni ndogo, taa ya leza na jicho la kupima mwanga. Vumbi likipita, mwanga hutawanyika, jicho huuona, king'ora hulia.

Pantaleo alikubali kulitundika sanduku hilo karashani. Likilia, angezima mashine na watu watoke. Ila likidanganya mara tatu, angelifanya kiota cha kuku.

Asubuhi ya kwanza wanawake walimwagia mawe maji, kama ilivyo desturi, sanduku likalia. Watu wakatoka, vumbi hakuna. Siku ya pili, vilevile.

"Mama Aneth, mashine yako inaogopa maji kama mbuzi," Pantaleo alisema, na kundi zima likaangua kicheko.

Zipora alirudi nyumbani kwa vifaranga wake wa kuku. Chini ya taa yao ya joto, pumba zilizoloana asubuhi zilikuwa zimekauka. Akampigia Nitin simu.

"Shemeji, jicho lako halitofautishi tone la maji na vumbi. Hewa haiwezi kuota moto kwanza kabla ya kuingia?"

Nitin akauliza, "Fundi ni nani kati yetu?"

"Wewe. Bisibisi unayo wewe."

Siku ya tatu sanduku lilikuwa na balbu ya vifaranga kwenye tundu la kuingizia hewa. Maji yalimwagwa, likanyamaza. Pantaleo, akidhani limekufa, akatia mawe makavu kwa mkono wake. Likapiga kelele, naye akawa wa kwanza kutoka mbio, kofia akiiacha ndani.

Siku hizi karasha huzimwa mara mbili au tatu kwa siku. Kila Jumatatu Zipora hulifungua sanduku na kulipangusa jicho lake kwa kipande cha shati la Mayala.