Vifaa Alivyoacha Anton

Jumatatu asubuhi Apolinaria alifika kwenye kioski cha maji na ndoo zake, akapanga foleni nyuma ya Mama Zuena, na zamu yake ilipofika akaweka kiganja juu ya kisahani cha kusomea viganja kama siku zote. Bomba halikutoa kitu. Alipangusa kiganja kwenye khanga, akakiweka tena. Waliokuwa nyuma yake walisubiri kwa heshima, kwa kuwa alikuwa bado amejifunga kitambaa cheusi cha msiba, kisha wakamwomba asogee kidogo ili wengine wawahi shamba.

Mama Zuena, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakulipenda jambo hilo. Alijaza ndoo yake, akaiinua, akaipindua juu ya ndoo ya Apolinaria. Maji hayakumiminika. Ndoo ilitazama chini kabisa, nayo maji yakabaki humo ndani yametulia kama ugali uliolala. Mama Zuena aliitikisa, akaigonga kitako, akaigeuza na kujitwisha.

"Mashine haikujui, mwenzangu," alisema. "Nenda ukaongee na shemeji yako."

Kioski hicho kilikuwa kwenye kitongoji kimoja upande wa Ntalikwa, pale ambapo njia ya zamani ya misafara inapita nyuma ya mashamba ikielekea Ujiji. Mradi wa maji ulipoleta pampu ya sola ulikifunika kisima cha zamani kwa zege, ili watu wasije wakachanganyikiwa. Tangu hapo kila kitu kiliendeshwa na kompyuta ndogo, ukubwa wake kama kipande cha sabuni, iliyokaa ndani ya kisanduku ukutani. Ilimjua kila mwenye kaya kwa kiganja chake, na mke alipita kwa jina la mumewe. Anton, mume wa Apolinaria, alikuwa amezikwa mwezi uliopita.

Maji ya kunywa hayakuwa shida. Alikunywa nyumbani kwa Mama Zuena, kwa kikombe cha Mama Zuena, na huko maji hayakuwa na ubishi. Shida ilikuwa kitalu. Miche ya tumbaku waliyoisia yeye na Anton ilikuwa imeshaota, inachungulia chini ya nyasi, na miche ya umri huo hutaka maji asubuhi na jioni. Ikikauka, mvua zingekuja zisimkute na kitu cha kupanda. Shamba lingekaa bure, na shamba linalokaa bure lilikuwa na mtu aliyekwisha kuliulizia.

Mtu huyo alikuwa Erasmus, mdogo wake Anton, mwenyekiti wa kamati ya maji. Ni mwanamume wa mashati yaliyonyooshwa, anayeongea taratibu kana kwamba kila neno limepigwa pasi pia. Alimkaribisha Apolinaria vizuri, akamtolea kiti.

"Mimi sina neno, shemeji," alisema. "Mashine ndiyo imekataa. Ukija kwangu ukakaa chini ya jina langu, utachota mpaka mikono ichoke."

"Na shamba?"

"Shamba litakuja na wewe. Litabaki na nani?"

"Mimi siji, shemeji."

"Basi na maji hayaji," alijibu Erasmus bila hasira, akamfungia karanga za kutafuna njiani.

Apolinaria alizitafuna karanga zile kwa uchungu, akapanda bodaboda hadi Ipuli kumtafuta Gerson, fundi aliyeifunga mashine. Gerson hutengeneza redio na simu, na maneno yake ni mengi kuliko redio zake zote. Aliwahi kuishi Dar es Salaam, akarudi na kofia na namna ya kuita kila tatizo "kitu kidogo".

"Shikamoo, mama. Hicho kitu kidogo," alisema baada ya kusikiliza. Alitia kibodi na skrini kwenye kikapu, wakaondoka.

Kioskini alifungua kisanduku, akaunganisha nyaya zake, na skrini ikawaka nyeusi yenye maandishi meupe. Alimweleza Apolinaria kwamba kompyuta ndogo za namna hii hazina mambo ya picha na mapambo. Unaziandikia amri, zinatii. Usipoziandikia zinakaa kimya hata mwaka. Na fundi mwenye akili hagusi kitu kabla hajaiuliza mashine ni vifaa gani inavyovitambua, kwa sababu nusu ya matatizo ya dunia ni kifaa kudhaniwa kipo wakati hakipo. Akaandika swali hilo. Mashine ilijibu papo hapo: pampu, vali, kisahani cha kiganja, wapagazi, jembe la kukokotwa na ng'ombe, Apolinaria, baiskeli.

"Wapagazi ndio akina nani?" aliuliza Apolinaria.

"Hao niliwakuta. Nadhani kuna msafara uliwaingiza, ukasahau kuwatoa. Hawali umeme, nikawaacha."

"Na mimi?"

Gerson alivua kofia. Alikumbuka kwamba siku ya kuanua matanga aliitwa kuja kuifahamisha mashine kuwa Anton hayupo tena. Alikuta ukoo umeketi kwenye mikeka, unataja alivyoacha marehemu, kama ilivyo desturi. Yeye aliketi karibu na sinia la wali, kibodi mapajani, akamuuliza Erasmus marehemu ameacha nini. Erasmus alitaja kwa mpangilio uleule waliotumia wazee: jembe, mke, baiskeli. Gerson aliandika kama alivyoambiwa, na wote waliokuwapo waliitikia. Apolinaria hakuwapo. Alikuwa uani anapakua wali.

"Sasa umeingia upande wa vifaa," alisema Gerson. "Na kifaa hakichoti maji, mama. Umewahi kuona pampu imepanga foleni?"

Apolinaria alikubali kwamba hajawahi kuona.

"Basi nihamishe. Niweke upande wa watumiaji, na wenzangu."

Gerson aliandika. Mashine ilidai neno la siri la mmiliki. Aliiomba imtaje mmiliki wa kifaa, ikamtaja Erasmus. Alijaribu jina la Erasmus, jina la mkewe na jina la fahali wake anayempenda zaidi, ikakataa yote.

"Kukubadili siwezi," alisema mwishowe. "Ila kukusanidi naweza."

Alimfafanulia. Kifaa hakina haki ya kuomba, lakini kinaweza kuwekewa kanuni: kikiunganishwa, jambo fulani litokee lenyewe. Ukichomeka flashi, taa inawaka, na hakuna aliyeiomba taa. Akaandika kanuni kwamba Apolinaria akisogea karibu, vali ifunguke. Alimwonyesha mstari wenyewe, mfupi, umeishia na alama ya nukta-mkato.

"Sasa kanuni haishiki mpaka kifaa kizimwe kiwashwe. Lala kidogo, halafu uamke."

Apolinaria alitandika khanga nyuma ya kioski, upande wa njia ya misafara, penye kivuli cha ukuta. Wapagazi walikuwa wameketi hapo, wameegemeza pembe za ndovu na marobota ya nguo ukutani. Aliwaamkia shikamoo, maana ni wakubwa kwake kwa mbali, wakaitikia marahaba na kumpisha. Mmoja wao alimuuliza, kwa Kinyamwezi cha zamani, anabeba mzigo wa nani. Alijibu kwamba wa kwake mwenyewe. Mpagazi yule alimtazama kwa huruma, akamsogezea pembe alaze kichwa, na Apolinaria akasinzia.

Alipoamka, bomba lilikuwa linamwaga. Alilia mbele ya Gerson bila kujificha, akazijaza ndoo zote, akaenda kumwagilia kitalu huku nyimbo za kanisani kigangoni zikimtoka zenyewe.

Kesho yake ikaonekana kwamba Gerson, kwa haraka yake, alikuwa ameiandika kanuni mpya juu ya ile ya zamani. Vali haikusikiliza tena kiganja cha mtu yeyote. Ilifunguka Apolinaria akiwa karibu, akiondoka ikajifunga. Hakuna aliyelalamika. Walimwomba tu awe anawahi, wakamletea kigoda. Foleni ikipungua mwendo, mmoja angesema, "Apolinaria, sogea kushoto kidogo, presha imeshuka," naye angesogea. Akichelewa kwa kupika uji, walikwenda kumgongea mlango.

Siku hizo alikuwa na furaha, tena furaha ya kweli. Aliamini kwamba watu wakishazoea kumhitaji watazoea na kumheshimu. Miche ilinenepa, majani yakawa mapana, na wenye vitalu vingine walipita kuitamani. Apolinaria aliisemesha kila jioni kuhusu shamba: wapi patakuwa na tuta la kwanza, wapi Anton alipenda kuanzia.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Asubuhi Erasmus alifika na mkokoteni wa ng'ombe na vijana wa ukoo, akabisha hodi kistaarabu, akauliza habari za kuamka. Vijana waliingia kitaluni, wakaanza kung'oa miche na kuipanga kwenye matenga.

"Shemeji, hiyo ni miche yangu," alisema Apolinaria.

"Imemwagiliwa na nini?"

"Na mimi."

"Ndiyo hivyo," alisema Erasmus. "Na pampu nayo siku moja ikidai maji ni yake, tutakwenda wapi?"

Aliwahimiza vijana wasikate mizizi. Kitalu kilipobaki udongo mtupu, alimshukuru Apolinaria kwa matunzo mazuri.

Apolinaria hakulinyamazia suala hilo. Alikwenda kwenye kikao cha kamati, akasimama mbele ya wanaume wale akiwa amevua kitambaa cheusi, akasema yote. Alisema mbegu alisia yeye, shamba alilima yeye na Anton, na siku walipomtaja kati ya jembe na baiskeli yeye alikuwa anawapakulia wali. Kamati ilimsikiliza mpaka mwisho, tena kwa makini. Kisha mjumbe mmoja, mzee Lugembe, alimgeukia Gerson, aliyekuwa ameitwa kuangalia betri, akamuuliza kama kifaa kinaweza kumiliki miche.

Gerson aliitazama kofia yake.

"Kwa jinsi mashine ilivyoandikwa, hapana."

"Basi kesho siji kioskini," alisema Apolinaria.

"Usipokuja utabebwa," alijibu Erasmus.

Hakuwa anamtisha, alikuwa anamwarifu. Kikao kilipoisha alimwinamia Gerson sikioni, akaingiza neno lake la siri kwa mkono wake mwenyewe, na Gerson, mwenye watoto wanaosoma, akaandika amri nyingine. Wapagazi hawakuwa wameandikiwa amri tangu enzi za babu wa mababu.

Asubuhi Apolinaria alijifungia ndani, akakaa kitandani na kukishika kingo kwa mikono yote miwili. Wapagazi waliingia kwa kupitia ukutani, wakakiinua kitanda pamoja na yeye, wakakiweka mabegani. Walimbeba kwa mwendo wao wa zamani, wanapokezana bila kusimama, wala hawakumgongesha popote. Yule aliyempa pembe ya kulazia kichwa alikuwa upande wa miguu.

"Tuwie radhi, binti," alisema. "Tumeitwa."

"Najua," alisema Apolinaria.

Walimshusha kando ya bomba, vali ikafunguka, na watu wakachota. Siku iliyofuata walimbeba tena. Baadaye alianza kwenda kwa miguu yake, kwa sababu kitanda kilikuwa kinalegea viungo na hakuwa na cha kununulia kingine. Shambani kwake vijana wa ukoo walikuwa wanapanda, na kutoka kwenye kigoda aliweza kuona tuta la kwanza lilikoanzia. Walikuwa wameanzia upande ambao si ule Anton alipenda kuanzia.

Kikao kilichofuata, mzee Lugembe alitoa hoja kwamba mvua kubwa zinakuja na kifaa kinakaa nje. Sola ina kioo, betri ina sanduku, kompyuta ina kisanduku chake, lakini Apolinaria ananyeshewa na kupigwa vumbi, na hayo si matunzo. Hoja ilipita bila mpingaji. Mama Zuena, ambaye vitambaa vyake vya kufuma hufunika redio na televisheni za kitongoji kizima, alikwenda kumpima mabega na urefu. Alifuma vazi la kumfunika kwa uzi mweupe, akazungushia pindo la maua mekundu, akaacha tundu la uso.

Siku ya kulivaa Apolinaria aliketi kwenye kigoda, akafunikwa, na maji yakatoka. Mama Zuena alijaza ndoo yake, akaiweka chini, akalinyoosha pindo lililojikunja begani. Alimwambia limempendeza. Apolinaria alimjibu, lakini Mama Zuena alikuwa ameshageuka. Erasmus alikuwa amesimama kando na shati lake lililonyooshwa, anakagua foleni, naye Mama Zuena alimpigia goti kidogo, kama wanavyofanya wanawake wa huko kwa mtu wanayemheshimu, akamshukuru kwa maji.

Erasmus alisema ni jambo dogo.